Maneno EAST AFRICA juu ya tao la India Gate, Delhi: majina ya waliofia Tanga yako wapi?

#1 Mwana wa Korogwe

Wakuu, salaam. Hii ni wiki yangu ya tatu New Delhi, ninamuuguza kaka yangu aliyefanyiwa upasuaji. Jana jioni, alipopata usingizi, nilipanda metro hadi kituo cha Central Secretariat nikatembea kuelekea India Gate, nia yangu ikiwa kupunga upepo tu kabla ya kurudi wodini. Tao lenyewe lina urefu wa mita 42, limejengwa kwa mawe ya mchanga mekundu na mengine ya manjano iliyofifia, na limesimama peke yake katikati ya uwanja mpana kiasi kwamba unatembea muda mrefu ukiliona bila kulifikia. Watu walikuwa wametandika shuka kwenye nyasi, watoto wanakimbizana, wauza mahindi wanapepea makaa.

Nilipofika karibu niliinua macho kusoma maandishi ya juu. Yanasema kuwa tao ni kwa ajili ya wafu wa majeshi ya India walioanguka na wanaoheshimiwa Ufaransa na Flanders, Mesopotamia na Uajemi, halafu yakaja maneno mawili yaliyonishika miguu: EAST AFRICA. Yametangulia Gallipoli. Mtu aliyekulia njia ya Tanga hahitaji kuelezwa maana yake. Nilisimama pale nikawaza pwani ya Ras Kasone na hadithi za nyuki tulizosimuliwa utotoni.

Swali langu ni hili. Kuta za tao zimejaa majina yaliyochongwa, safu juu ya safu kama matofali. Nilisoma kadiri macho yalivyofika, kwa kuwa siku hiyo palikuwa na minyororo inayomzuia mgeni asisogee hadi ukutani, nikitafuta vikosi vya India ambavyo Waingereza walivitua Tanga Novemba 1914 kupigana na Wajerumani. Sikuona hata kimoja. Majina ya wale waliofia kwetu yako upande gani?

#2 Kinyozi wa Mbeya

Pole kwa kuuguza, mkuu. Umesoma upande mmoja tu, zunguka. Tao lile lina majina ya askari wote 70,000 wa India waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo wa Tanga lazima wamo. Na chini ya tao pana moto usiozimika usiku na mchana; ukiuona huo, ujue upande wa nyuma yake ndio wenye majina mengi.

#3 Mwalimu Staafu

Ndugu wa #2, mambo mawili katika maelezo yako yanahitaji kurekebishwa, maana mtoa mada anaweza kwenda kuzunguka bure na mgonjwa anamsubiri.

La kwanza, watu zaidi ya 70,000 ni wale ambao tao linawakumbuka kwa ujumla wao. Waliochongwa kwa majina ni zaidi ya 13,000 tu, na maandishi yale yale aliyoyasoma mtoa mada yanasema ni akina nani, kama ukiyafuata hadi mwisho: yanaendelea kusema kuwa ni kumbukumbu takatifu pia ya wale ambao majina yao yameandikwa hapa, walioanguka India, au katika mpaka wa kaskazini-magharibi, na wakati wa vita vya tatu vya Afghanistan. Vita hivyo ni vya 1919. Ndiyo sababu juu kabisa, kushoto na kulia ya neno INDIA, miaka imeandikwa kwa namba za Kirumi kuanzia 1914 hadi 1919, siyo 1918. Kwa hiyo Afrika Mashariki imetajwa kama mahali, lakini wafu wake hawamo katika orodha ya ukutani. Mtoa mada hakukosea kusoma.

La pili, moto ule haupo tena chini ya tao. Uliwashwa rasmi na Indira Gandhi tarehe 26 Januari 1972 kwa ajili ya askari wa vita vya India na Pakistan vya 1971, na Januari 2022 ukahamishwa na kuunganishwa na ule wa mnara mpya wa kitaifa wa vita, uliofunguliwa Februari 2019 hatua chache kutoka hapo.

#4 Kinyozi wa Mbeya

Nimekubali, Mwalimu. Mimi nilifika 2016, na moto niliuona kwa macho yangu. Hesabu ya majina niliambiwa na mpiga picha wa pale uwanjani.

#5 Chumbageni Asilia

Shikamoo Mwalimu. Nyuki wametajwa, nami ni mtu wa Tanga, hivyo naomba nafasi. Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka Bombay (Mumbai ya leo) chini ya Meja Jenerali Aitken, wengi wao Wahindi, dhidi ya watu kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nao wakarudishwa baharini ndani ya siku nne, tarehe 2 hadi 5 Novemba. Zaidi ya 800 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Hapa kwetu kila mzee atakuambia kilichowashinda ni nyuki. Magazeti ya Uingereza yaliwahi kudai kuwa Wajerumani waliwategesha nyuki kwa waya. Wazee wetu wanasema yalikuwa mambo ya wenyewe wa mji, na mambo hayo hayasemwi hadharani.

#6 Reli ya Usambara

Chumbageni, mtu wa Tanga hawezi kuwaachia nyuki wake, hilo tunalijua. Lakini nyuki wale waliwauma wa pande zote mbili, wakiwemo wapiga bombomu wa Kijerumani, na sababu inayoeleweka ni kwamba risasi zilitoboa mizinga iliyokuwa mitini. Nyuki hawana upande.

Mimi naamini kilichoamua vita ni treni. Meli ya kivita Fox ilitangulia bandarini, kapteni wake akamwita mkuu wa wilaya wa Kijerumani na kumwarifu kuwa makubaliano ya kutoushambulia mji yamevunjwa. Kuanzia saa ile Wajerumani walijua. Waingereza wakapoteza muda wakiogopa mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo, na muda huo huo Lettow-Vorbeck alikuwa anateremsha kompania zake kutoka Moshi kwa reli. Wakati askari wa Kihindi wanashuka mchangani, wengi wakiwa wamekaa wiki mbili na zaidi melini wakitapika, mji ulikuwa na watu wanaowasubiri.

#7 Bi Shangazi wa Kilindini

Reli na nyuki vyote vina nafasi yake, ila msisahau kuwa vikosi vile vilikuwa vimekusanywa haraka, vingine havijawahi kufanya mazoezi pamoja, na jenerali wao alikataa msaada wa King's African Rifles, askari Waafrika wa Waingereza walioijua nchi. Pia wapo wanaowalaumu askari wenyewe kuwa walikimbia. Lawama hiyo siipendi kabisa. Wale wa Kashmir Rifles na wenzao waliingia hadi mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba. Na Januari 1915 huko Jasin, mpakani, aliyekuwa akiongoza ngome ya Waingereza alikuwa Luteni Kanali Raghbir Singh wa Kashmir Rifles, akafia pale pale pamoja na vijana wake. Mtu akisema walikimbia, mwambieni aende Jasin.

Lakini turudi kwenye swali la mtoa mada, ambalo mimi naliona zito kuliko nyuki. Maelezo ninayoyaamini ni ya dini: Wahindu na Masingasinga huchoma maiti zao, hivyo hakukuwa na kaburi la kuwekea jiwe, na pasipo kaburi jina hupotea.

#8 Mwanafunzi wa Delhi

Habari zenu wakubwa. Nasoma hapa mwaka wa pili, nami nina ya kumwambia mtoa mada kuhusu kutembelea.

Usiende mchana, jua la hapa kuanzia Aprili ni adhabu, na uwanja hauna kivuli karibu na tao. Nenda saa kumi na moja jioni, ukae hadi taa ziwashwe. Hakuna kiingilio. Ukisimama mbele ya tao utaona barabara iliyonyooka hadi ikulu ya rais, ambayo siku hizi inaitwa Kartavya Path. Zamani ilikuwa Rajpath, na jina lilibadilishwa Septemba 2022. Gwaride la tarehe 26 Januari hupita humo. Nyuma ya tao kuna kibanda cha mawe chenye nguzo nne na kuba. Humo ilikuwemo sanamu ya Mfalme George wa Tano, ikaondolewa 1968 kupelekwa Coronation Park, na kibanda kikabaki kitupu zaidi ya miaka 50, hadi sanamu ya mpigania uhuru Subhas Chandra Bose ya jiwe jeusi iliposimamishwa mwezi huo huo wa Septemba 2022.

Na mahindi ya kuchoma, usiyapite. Huyachoma juu ya makaa kama Forodhani, kisha muuzaji huchukua nusu ya ndimu, huichovya kwenye chumvi na pilipili nyekundu, na kuisugua juu ya hindi kuanzia shina hadi ncha huku akiligeuza. Mara ya kwanza nilipoonja, nikiwa na miezi miwili tangu niondoke nyumbani, nililia.

#9 Mvuvi wa Pangani

Kwani hili siyo lile lango la ufukweni ambalo Waingereza walipitia walipoondoka India? Nililiona nilipopeleka mzigo. Kama ndilo, basi askari wa Tanga walipita chini yake wakienda kupanda meli, na hiyo ndiyo sababu limeandikwa Afrika Mashariki.

#10 Mwalimu Staafu

Hapana, ndugu Mvuvi, ulilonalo wewe ni Gateway of India, nalo liko Mumbai, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo alipo mtoa mada. Lilijengwa kukumbuka ziara ya Mfalme George wa Tano ya 1911, likafunguliwa Desemba 1924, na ni kweli kwamba kikosi cha mwisho cha Waingereza kilipita hapo Februari 1948. Askari wa Tanga walisafiri Oktoba 1914 kutoka bandari hiyo ya Mumbai, lakini lango lenyewe lilikuwa bado kujengwa. Lile la Delhi lilichorwa na Edwin Lutyens. Jiwe la msingi liliwekwa Februari 1921 na tao likafunguliwa tarehe 12 Februari 1931.

Sasa nimjibu Bi Shangazi kwa heshima. Kuchomwa kwa maiti hakuwezi kuwa sababu yenyewe, kwa kuwa katika jeshi lile walikuwemo Waislamu wengi waliozikwa, nao pia hawamo kwenye tao. Tena majina hayahitaji kaburi. Ndani ya makaburi ya vita ya Dar es Salaam, barabara ya Bagamoyo, pana ukumbusho wa Waingereza na Wahindi wenye majina zaidi ya 1,500 ya watu wasio na kaburi linalojulikana.

#11 Kinyozi wa Mbeya

Basi swali limekwisha. Majina ya Tanga yako Dar es Salaam.

#12 Mwalimu Staafu

Halijakwisha, ndugu yangu. Ukumbusho ule wa Dar es Salaam ni wa waliokufa kuanzia Januari 1917, majeshi yalipoanza kusonga kuelekea mto Rufiji. Wa 1914 siyo wa pale.

#13 Fundi Mwashi

Mimi ni mwashi wa mawe, kwa hiyo natazama jambo hili kwa jicho la kazi. Kuchonga herufi kwenye jiwe la mchanga ni kazi ya siku nyingi, na kila jina lina urefu, cheo na kikosi. Majina 13,000 tayari yamejaza kuta zile. Ukitaka 70,000 unahitaji ukuta mara tano zaidi. Lutyens huyo huyo alichora tao la Thiepval kule Ufaransa lenye majina zaidi ya 72,000, lakini lile lina matao mengi yaliyobebana na nguzo 16, yaani lilijengwa kwa ajili ya majina tangu mwanzo. Tao la Delhi lilijengwa ili lionekane kutoka mbali, mwisho wa barabara ya gwaride. Kwangu mimi sababu ni nafasi.

#14 Bi Shangazi wa Kilindini

Fundi, ukisema nafasi unamwachia mchoraji lawama yote. Aliyeagiza kazi ndiye anayesema ukuta uwe mkubwa kiasi gani. Mwalimu, kuhusu Waislamu nimekuelewa. Hapo umenipa la kufikiri, ingawa bado naona mila za mazishi zilichangia jinsi wakubwa walivyoamua nani aandikwe kwa jina na nani aandikwe kwa idadi.

#15 Mjukuu wa Mpagazi

Nimesoma uzi huu tangu asubuhi nikijizuia, na sasa nasema. Tunatafuta majina ya askari wa India, na ni haki yao kabisa watafutwe. Lakini yale maneno EAST AFRICA yaliyomsimamisha mtoa mada yamebeba watu wengine ambao hawana tao, hawana ukuta, hawana hata mstari. Baba wa bibi yangu alichukuliwa shambani kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Bibi alikuwa mtoto mdogo. Alituambia kuwa mama yake aliendelea kumwekea baba chakula kwenye bakuli lililofunikwa, kila jioni, mpaka mavuno ya pili yalipopita. Hakuna barua iliyokuja, hakuna karani aliyefika kusema amekufa wapi.

Waingereza walichukua wapagazi wapatao milioni moja katika kampeni ile, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Watu wananunua nguo na vitunguu juu ya jina hilo kila siku. Sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora, iliyosimamishwa 1927, inawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri, lakini miguu na mikono haina jina.

#16 Reli ya Usambara

Pole sana, ndugu. Hata Nairobi, katika sanamu tatu za barabara ya Kenyatta, mmoja wa wale watatu ni mpagazi, naye pia hana jina. Nadhani kwa upande wa wapagazi sababu ni orodha: watu waliandikishwa haraka, wakahamishwa kutoka kikosi hadi kikosi, na makarani hawakuandika vizuri. Huwezi kuchonga jina ambalo hukuliandika.

#17 Mjukuu wa Mpagazi

Nashukuru kwa pole, lakini maelezo ya orodha hayanitoshi. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021 ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Ripoti hiyo inaonyesha kuwa katika miaka ya 1920 viongozi wa makoloni waliona Mwafrika hahitaji jiwe la kaburi wala hatalielewa, na kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi porini. Huo ulikuwa uamuzi, haukuwa uzembe wa karani. Na nina swali kwa Fundi: kama sababu ni nafasi ya ukutani, mbona hata daftari halikuwekwa?

#18 Fundi Mwashi

Kwa upande wa wapagazi sina jibu la kiufundi, mkuu. Nilichosema ni cha tao la Delhi peke yake.

#19 Mwanafunzi wa Delhi

Naongeza maelezo moja niliyoyapata kwa mhadhiri wetu wa historia. Anasema tao lilijengwa kwa macho ya wazazi na wajane wa huku, hasa Punjab, na kwamba wakati linapangwa vita vya Afghanistan na mpaka wa kaskazini-magharibi vilikuwa vibichi na viko jirani. Waliokufa ng'ambo walihesabiwa kuwa wanaheshimiwa huko huko walikoanguka, kama maandishi yanavyosema. Kwa hiyo serikali iligawa kazi: ng'ambo wataandikwa ng'ambo, wa hapa wataandikwa hapa. Mwenzangu mmoja wa darasani alimpinga papo hapo, akasema mama wa mtu aliyefia Tanga naye alikuwa Punjab, na nauli ya kwenda Tanga hakuwa nayo.

#20 Mwana wa Korogwe

Asanteni nyote. Kaka anaendelea vizuri, ameanza kukaa kitandani mwenyewe, na leo nimerudi pale uwanjani saa kumi na moja kama mwanafunzi alivyonielekeza.

Safari hii nilisoma maandishi ya juu hadi mwisho, na ni kama Mwalimu alivyosema. Kisha nikavuka hadi kwenye ule ukumbusho mpya wa taifa. Kule majina yamechongwa moja moja kwenye vipande vya mawe, kuta zimepangwa kwa duara, na kila askari ana jiwe lake lenye cheo na namba. Hao ni wa baada ya uhuru. Mzee mmoja aliyevaa kilemba cha bluu alikuwa amegusa jiwe moja kwa vidole viwili, hakulia, hakusema kitu, alisimama tu hivyo kwa muda mrefu, na mjukuu wake akamsubiri kimya akiwa ameshika viatu vya mzee. Nilimfikiria bibi wa ndugu wa #15 na lile bakuli.

Bwana wa Chumbageni, nakuomba jambo. Wewe uko karibu na makaburi ya kumbukumbu ya vita hapo Tanga. Ukipata siku, nenda uangalie wameandikwa vipi wale wa Novemba 1914: kwa majina, kwa vikosi, au kwa idadi.

#21 Chumbageni Asilia

Nitakwenda Jumamosi asubuhi kabla ya jua kali. Nimepita nje ya ukuta ule tangu nikiwa mtoto wa shule na sijawahi kuingia hata mara moja. Nitapiga picha za kila bamba na kuziweka hapa.

#22 Bi Shangazi wa Kilindini

Ukifika huko, soma pia kama kuna lolote kuhusu wapagazi, hata mstari mmoja. Na mwanangu, chukua kitambaa cha kufutia mabamba. Karibu na bahari herufi huziba kwa chumvi na ukungu.

#23 Mjukuu wa Mpagazi

Jina lake alikuwa Mbwana. Kama kuna ukuta wowote wenye nafasi, naomba uangalie.